Mvua ya Ndani

Elburgon, mwezi wa saba, baridi haibishi hodi.
Hushuka kutoka msitu wa Mau imejitanda ukungu,
inajua kila mwanya wa nyumba ya mbao
kama mdai ajuavyo saa ya chakula.

Baba alikuwa amelala chumba cha kati,
kifua kikimpiga filimbi,
nami nikapanda ngazi na magunia ya viazi,
nikaziba upenu wote, tundu kwa tundu,
mpaka popo wakahama.
Hata yale matundu mawili ya pembetatu
aliyoyakata fundi Amugune kwa msumeno mwembamba,
akayawekea wavu kama madirisha ya kanisa dogo,
niliyasokomeza magazeti ya uchaguzi uliopita.
Nikashuka nikipangusa mikono.
"Sasa," nikamwambia mama, "haipiti hata sindano."

Kweli, haikupita.
Wala hakikutoka kitu.

Wiki ya pili dari ikaanza kutona.
Si usiku wa mvua, hapana:
usiku mkavu, wenye nyota, nyasi nyeupe kwa sakitu.
Tone kwenye blanketi. Tone kwenye shavu.
Tone ndani ya kikombe cha dawa, likijipimia kipimo chake.
Mama akasogeza kitanda mara tatu,
tone likamfuata mgonjwa kana kwamba lamjua.
Nikapanda juu ya mabati na kopo la lami,
nikapaka kila kichwa cha msumari.
Mia nne na kumi na sita. Nilihesabu.
Usiku ule pakatona vilevile.

"Umetuuzia mabati mabovu," mama alimwambia Amugune kwa simu,
na mengine aliyomwambia siyaandiki hapa.

Alikuja saa kumi na moja alfajiri,
bila ngazi, bila nyundo, tochi tu mdomoni.
"Paa halikaguliwi mchana," akasema. "Mchana linadanganya."
Tukapenya kwenye kidirisha cha dari,
yeye mbele, mimi nyuma, magoti juu ya boriti.

Akamulika.
Ncha za misumari, zote,
kila moja imening'iniza tone lake
kama chuchu za ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa.
Mabati yamelowa tumboni, mgongoni makavu.
Kenchi zimeota madoa meusi.
Akachovya kidole, akaonja.

"Hili halikutoka mbinguni.
Ni chai yenu. Ni ugali. Ni nguo mnazoanika jikoni.
Ni pumzi. Watu sita mkilala mnapumua,
na pumzi haikai chini,
hupanda ikitafuta mlango.
Mimi niliiachia mlango. Nani kaufunga?"

Nilinyamaza. Magazeti yalinijibia,
sura za wagombea zimevimba maji.

Tuliyang'oa asubuhi ileile.
Upepo wa Mau ukaingia upenu huu, ukatokea ule,
juu ya vichwa vyetu, bila kumgusa mtu,
kama wageni wenye safari yao.
Magunia mapya tukayatandaza juu ya dari.
"Joto lizuie hapa, hewa iachie kule," Amugune akasema.
"Wewe uliifunika nyumba blanketi mpaka puani."

Siku nne, misumari ikakauka.
Baba hakuiona ya tano.

Sitasema nini kilisababisha nini.
Kifua kilikuwa cha zamani,
cha kiwanda cha mbao, cha vumbi la miaka thelathini.
Daktari wa Molo alisema hivyo, nami humwamini
siku nyingi.

Mwezi wa kumi Amugune akarudi kubadilisha dari.
Bodi zilizoharibika, saba.
Alipofikia ile ya juu ya kitanda,
yenye doa la rangi ya chai, pana kama sinia,
mama akashika ngazi.

"Hiyo iache."
"Mama Jebiwott, imeoza hii."
"Si ulisema ni pumzi?"

Fundi akashuka, akakunja mita yake,
akadai bodi sita.